Mpangaji wa Mwisho

Haya yalimpata jirani yetu, binti anayeshona foronya, siku ya kawaida kabisa. Ilikuwa saa nne asubuhi, nguo ziko kambani, watu wanapiga soga uani.

Nyumba kumi na moja za wapangaji wa pale kwao zilijengwa kwenye ardhi ya amana, iliyosimamiwa na wadhamini. Mwenye ardhi, kabla hajafariki, aliandika kwamba wapangaji wa kwanza na familia zao wasiondolewe maadamu mmoja wa hao wa kwanza yu hai. Wadhamini walitaka kubomoa. Wapangaji wakaenda mahakamani, na kesi yote ikaning'inia kwenye pumzi za mtu mmoja, bibi yake binti huyo. Wenzake wote wa mwanzo walishatangulia.

Naye akafa, wiki mbili kabla ya hukumu.

Wapangaji walikutana chumbani kwake, mlango umefungwa. Fundi viatu, waliyemwita Gundi kwa kuwa hakubanduka penye jambo, ndiye aliyetamka. "Hakuna msiba hapa. Tukilia, tumehama." Wakamzika alfajiri nyuma ya stoo, wakapanga matofali juu. Mama yake binti aliuma upindo wa nguo mpaka fizi zikatoka damu, lakini sauti haikumtoka.

Wadhamini walinusa kitu. Ndiyo maana asubuhi ile karani wa mahakama alikuja pamoja na wakili wao, kumwona bibi kwa macho.

"Lala kitandani kwake, geukia ukutani," Gundi alimnong'oneza binti. "Jifunike gubigubi. Wakikuuliza, kohoa. Kukohoa si uongo."

"Na wakinifunua?"

"Nani atamfunua bibi wa watu?"

Binti akalala. Shuka bado lilinukia dawa ya kuchua ya bibi. Akasikia viatu vikiingia.

"Huyu bibi anajua kujificha kuliko panya," wakili alitania.

"Bibi," karani akaita. "Uko hai?"

Binti akavuta pumzi ili akohoe.

"Nipo."

Si yeye aliyejibu.

Sauti ilitoka mbele ya uso wake, kati yake na ukuta, mahali pasipotosha hata mkono. Ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyejaza kitu mdomoni. Baridi ikamgusa magoti. Hakufumbua macho.

Karani aliuliza jina. Sauti ikalitaja, na la marehemu mumewe, na mwaka waliohamia. Kalamu ikaandika. Viatu vikatoka.

"Umemuiga kama mwenyewe, mjukuu wangu," Gundi akamsifu. Binti akashuka kitandani upesi, bila kutazama ukutani.

Wakashinda. Hakimu aliamua wakae maadamu bibi yu hai. Siku hiyo watu walikumbatiana uani, na katika kelele zile mama alidhani hakuna atakayemsikia. Akaingia chumbani, akajifungia na binti yake. Akapiga magoti kando ya kitanda kitupu, akafungua kinywa amlilie mama yake.

"Nyamaza, mwanangu," sauti ikasema kutoka kitandani. "Watatuhamisha."

Akanyamaza. Mpaka leo hajalia. Binti hukung'uta godoro lile kila asubuhi, na kila asubuhi hukuta udongo mbichi upande wa ukutani, umelala kwa urefu wa mtu mfupi aliyekunja magoti.