Mwanamke wa Kwenye Shaba

Jua lilikuwa linazama hapa Kilimatinde nilipopita kwa dada yangu Klara kurudisha ungo. Akaniomba nimshikie mtoto wake, Jenipher, yeye akachote maji bombani.

Mtoto alikuwa na homa. Shingoni, kwenye uzi mweusi, Klara alimfunga sarafu ya shaba iwe kinga ya degedege. Shemeji Peniel alifukua sarafu kadhaa za namna hiyo alipokuwa akichimba choo nyuma ya magofu ya Wajerumani. Mchungaji Hezekia alizitazama, akasema ni za Warumi wa kale. Upande mmoja ni mke wa Kaisari, nywele za matuta, uso umechorwa ukitazama kando. Upande wa pili ni mwanamke ameketi, anavuta shela usoni. Huyo si mtu, alituambia, ni Staha. Warumi walikuwa wakiuchora wema wa moyo kama mwanamke.

"Hodi..."

Sauti ya chini, kama ya mgonjwa. Akaingia mama mmoja aliyejifunika shela. Nikamwamkia shikamoo.



Aliketi kwenye kigoda, mkono wa kulia ukivuta shela usoni. Harufu ya shaba ikajaa chumba, nikaisikia mpaka kwenye ulimi. Jenipher, aliyekuwa akilia tangu asubuhi, akanyamaza... kisha akamnyooshea mikono.

"Mmemvika mimi," yule mama akanong'ona. "Sasa ni wangu."

Nikauma ule uzi kwa meno. Ukakatika. Nikaitupa sarafu nje.

Akainuka, akageuka kuifuata. Shela ikateleza. Nywele zimesukwa matuta matuta, na uso...

Uso ulikuwa wa upande mmoja tu.

Upande wa pili ulikuwa bapa. Hapana jicho, hapana shavu.

Klara aliporudi na ndoo yake, hakuwa amepishana na mtu njiani. Tulimulika uwanja mzima kwa tochi ya simu, sarafu hatukuiona. Homa ya mtoto ilishuka usiku ule. Peniel akazirudisha sarafu zilizobaki shimoni, akafukia, choo akachimba kwingine. Mchungaji alituombea, kisha akasema huenda nilimwona yule mama mgonjwa wa akili anayezunguka stesheni ya Manyoni. Natamani iwe hivyo.

Sasa Jenipher ameanza kuongea. Kila magharibi anakaa kizingitini, anasema maneno ambayo si Kiswahili wala Kigogo, halafu ananyamaza, kama anayesubiri.

Juzi nilikuwa nimekaa naye.

Nilisikia akijibiwa.