Hamida Aogopa Kusujudu

Hamida na mume wake Mbwana wanaishi Mkonze, pembezoni mwa jiji la Dodoma. Kwao ni Kondoa. Mbwana anauza mafuta ya alizeti sokoni. Hamida anafuga kuku. Ni mama mchangamfu, mwenye maneno mengi, na kuku wake wote amewapa majina.

Siku moja Hamida alikuwa anaswali adhuhuri. Alipoweka paji la uso chini, nyumba nzima ilizunguka. Kuta zilikimbia. Aliung'ang'ania mswala kwa mikono miwili, kisha akatapika.

Kizunguzungu kiliisha upesi. Alasiri alijaribu tena. Kilirudi palepale, kwenye kusujudu. Akisimama wima, hana kitu. Akiinamisha kichwa, dunia inazunguka. Hamida aliogopa sana. Akaanza kuswali amekaa kwenye kiti, huku analia.

Mbwana alimpigia simu dada yake, Mishi. Mishi alifika kwa basi kutoka Kondoa. Hata maji hakuomba kwanza.

"Kinakuja ukisujudu tu?" aliuliza.

"Na nikijigeuza kitandani, wifi."

"Kitanda kiache. Hilo ni jini. Halitaki usujudu. Kesho tunaondoka. Kuna mganga kule nyumbani, atakufungia ndani na moshi mpaka litoke."

Hamida aliuogopa moshi, lakini kulikuwa na jambo lililomtisha zaidi. Kama jini linamzuia kumsujudia Mungu, yeye amekosa nini? Je, hatasujudu tena mpaka kufa?

Jioni hiyo jirani yao Yudith alikuja kununua mayai. Yudith ni muuguzi katika kituo cha afya. Alimkuta Hamida anafunga mzigo, mkono mmoja ameshika ukuta.

"Mama Ibrahimu, safari ya wapi na hali hiyo?"

Hamida alimweleza yote. Yudith aliweka mayai chini.

"Kikija, kinakaa muda gani?"

"Hata dakika haifiki."

"Ulimi unakuwa mzito? Mkono au mguu unakosa nguvu? Unaona vitu viwili viwili? Kichwa kinauma sana ghafla? Unashindwa kutembea?"

"Hapana, hakuna hata kimoja."

"Ungesema ndiyo, tungekimbia hospitali sasa hivi. Hizo zinaweza kuwa dalili za kiharusi. Lakini hata hivyo lazima upimwe. Kesho twende kwa daktari wa masikio."

Mishi alidakia. "Masikio! Mtu anaangushwa na jini, nyinyi mnamtibu masikio?"

"Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu inayotuambia kama tumesimama au tumelala, mama," Yudith alijibu.

Mishi alicheka. Mbwana hakucheka.

"Tutaanza hospitali, dada," alisema. "Kondoa haihami."

Kesho yake hospitalini, Daktari Abdulrahim alimketisha Hamida kitandani. Akamgeuza kichwa upande wa kulia.

"Mama, nitakulaza haraka. Kizunguzungu kitakuja. Nataka kije nikione."

"Usinilaze, mwanangu! Nakuomba!"

"Nimekushika, mama. Fumbua macho tu."

Alimlaza. Hamida alipiga kelele. Mbwana aliinama kumtazama mkewe, akarudi nyuma. Macho ya Hamida yalikuwa yanarukaruka yenyewe.

"Daktari, ni kweli ni jini! Tazama macho yake!"

"Si jini, baba. Angalia, sasa yanatulia." Kweli, yalitulia. "Ndani ya sikio kuna chembe ndogo sana, kama chokaa. Zikitoka mahali pake, kila kichwa kikiinama zinasogea. Sikio linauambia ubongo kwamba tunazunguka, nayo macho yanafuata."

"Dawa yake ni ghali?" Mbwana aliuliza.

"Utafiti umeonyesha kwamba wengi hupona kwa kugeuzwa kichwa tu, ili chembe zirudi. Vidonge haviwezi kuzirudisha. Lakini msijigeuze wenyewe nyumbani kabla ya kupimwa. Si kila kizunguzungu kinatokana na sikio."

Daktari aligeuza kichwa cha Hamida taratibu kwenda kushoto. Akamlaza ubavu, uso ukitazama chini, kisha akamketisha. Daktari alimpima tena. Safari hii macho hayakuruka.

"Kinaweza kurudi siku nyingine," alisema. "Kikirudi, na wewe rudi."

Walifika nyumbani wakati wa alasiri. Hamida alitandika mswala. Mishi alisimama mlangoni, tayari kumdaka. Hamida alirukuu. Akashuka polepole, amefumba macho, akaweka paji la uso chini.

Akabaki hapo. Mishi alingoja. Hamida hakuinuka. Mishi alisogea, akaona mabega yanatikisika, akaanza kumwita Mbwana. Ndipo Hamida akainuka mwenyewe, akaendelea na swala yake mpaka mwisho, akatoa salamu kulia na kushoto.

"Wifi, umenitisha!" Mishi alisema. "Mbona ulikaa chini muda wote ule? Nilidhani umeanguka."

Hamida alifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Sikuanguka, wifi. Nilikuwa sitaki kuinuka."