Picha ya Bibi Pena Kwenye Kioo

Kila Alhamisi baada ya masomo, Ralitsa alipita kwenye nyumba ya utamaduni ya mji, akasaini daftari la Mzee Kuncho, mtunzaji wa jengo, akachukua kamera ya klabu ya picha kabatini na kutoka nayo mitaani. Kamera yenyewe ilikuwa kuukuu, na mkanda wake ulikuwa umeungwa kwa kamba ya kiatu. Hata hivyo Ralitsa, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliibeba kama mtu aliyepewa mtoto mchanga amshike. Mji wa Bukovo ni mdogo. Kutoka kituo cha basi hadi mtoni ni mwendo wa dakika ishirini, na ukimsalimu kila unayemkuta, ni saa nzima.

Mwaka ule klabu ya picha ilikuwa na wanafunzi tisa, na wanane kati yao walitaka kuwa Svilen. Svilen, mwenye miaka kumi na mitano, alikuwa amepiga picha za nyumba zilizohamwa huko milimani, zote zisizo na rangi, zenye vivuli vizito, akashinda tuzo mjini Plovdiv. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuleta picha ya rangi klabuni. Hata Boyan, ambaye hakuna alichokipenda duniani kuliko kuku wake, aliwageuza kuku hao kuwa weusi na weupe, wakaonekana kana kwamba wamechoka na maisha.

Mwalimu Ognyan, mlezi wa klabu, aliyaona hayo yote. Kisha akatangaza kwamba tarehe 24 Mei, sikukuu ya shule na herufi, kungekuwa na maonyesho. Kila mwanafunzi achague kitu kimoja anachokipenda kweli na kuleta picha nane. Asiyetimiza nane hatapewa ukuta.

Ralitsa alianza na nyumba zilizohamwa, kama Svilen. Alitumbukia kwenye majani yanayowasha, akajikuna siku mbili, na picha zake zilikuwa baridi kama chai ya jana. Ukweli ni kwamba nyumba zile hazikumwambia kitu. Kilichomvutia kilikuwa mtaani kwao: benchi lililokuwa mbele ya geti la Bibi Pena, na Bibi Pena mwenyewe akiwa juu yake.

Bibi Pena alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alifunga kitambaa chekundu kichwani, akabangua mbegu za alizeti haraka kuliko ndege, na kila masika alilipaka geti lake rangi ya bluu bila kumngoja mtu. Mwanzoni alikataa kupigwa picha. Alisema yule wa kitambulisho alimpiga mara moja, akatoka amefanana na mwizi wa mbuzi. Lakini Ralitsa alikaa naye wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, akamsaidia kubangua mbegu, na siku moja bibi alisahau kabisa kwamba kuna kamera. Ralitsa akampiga akimgombeza tarishi, akilipaka geti rangi hadi ikamfika puani, akicheka na pengo lake lote wazi. Kila alipobonyeza, moyo ulimruka kwa furaha.

Furaha hiyo ilipungua mbele ya kompyuta ya klabu. Svilen aliinama akazitazama picha, kisha akasema kwa upole kwamba rangi zinapiga kelele. Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Ralitsa zaidi. Jioni hiyo alizitoa rangi zote, akavikoleza vivuli. Kitambaa chekundu kikawa cheusi, geti la bluu likawa la kijivu, na Svilen akasema sasa hizo ni picha.

Siku nne kabla ya sikukuu, Mwalimu Ognyan aliwaomba kila mmoja atoe picha moja ya kuwaalika watu. Ralitsa alichagua uso wa Bibi Pena akitazama mbele, ametulia. Chini yake aliandika kwa herufi nzito: PENA MINEVA, JIRANI YETU MPENDWA. Tarehe 24 Mei, saa nane mchana. Karibuni nyote. Mzee Kuncho, aliyekuwa ameisahau miwani yake nyumbani, alimuuliza aibandike wapi.

"Hapo kando ya mlango, babu, kwenye kioo," Ralitsa alimwambia. "Hapo ndipo watu husimama."

Ni kweli, watu husimama hapo. Husimama kwa sababu hapo ndipo matangazo ya vifo hubandikwa. Kila mtu wa Bukovo akifariki, karatasi hubandikwa kwenye geti lake, kwenye mti wa karibu na kwenye kioo kile: picha isiyo na rangi, jina, maneno machache ya upendo, na saa ya mazishi. Ralitsa alikuwa amepita mbele ya karatasi hizo maisha yake yote, hata akawa hazioni tena. Picha ya Bibi Pena ilikaa katikati ya karatasi mbili za namna hiyo, ikafanana nazo kama ndugu.

Asubuhi iliyofuata mji ulikuwa na msiba. Wanaume walivua kofia mbele ya kioo. Muuza mikate alifunga duka robo saa ili alie. Wakati huo marehemu alikuwa nyuma ya nyumba yake akipalilia vitunguu, na simu yake ilikuwa kwenye droo ya jikoni ikilia peke yake. Aliposikia mtu analia getini, alitoka na jembe mkononi. Alikuwa Bibi Stoyka, waliyefanya naye kazi miaka thelathini katika kiwanda cha sufu, ameshika maua mekundu.

Bibi Pena aliyahesabu maua. Yalikuwa manne. Kwao aliye hai hupewa maua matatu au matano. Manne ni ya jeneza.

"Stoyka, nani kafa?" aliuliza.

"Wewe," Bibi Stoyka alijibu, akakaa chini palepale njiani.

Bibi Pena alicheka hadi akashikilia geti. Alicheka mpaka alipoelezwa kwamba mtu mmoja mwenye huruma nyingi alikuwa amempigia Milka, binti yake wa pekee anayeishi Varna, na kwamba Milka alikuwa tayari ndani ya basi, analia, hapokei simu. Milka ana shinikizo la damu. Hapo kicheko kilikatika, na bibi akashika njia ya nyumba ya utamaduni na jembe lake.

Ralitsa alifika hapo wakati wa mapumziko ya shule, akakuta umati. Bibi Pena alikuwa ameibandua karatasi na kuikunja ngumini. Mwenyekiti wa nyumba ya utamaduni, mama mmoja mwenye haraka, alikuwa anamwambia Mzee Kuncho kwamba haya ndiyo matokeo ya kufanya kazi bila miwani, na kwamba leo hii akabidhi funguo. Mzee Kuncho alisimama akizungusha kofia mikononi. Hakukumbuka nani alimpa karatasi gani.

Hakuna aliyemtazama Ralitsa. Angeweza kugeuka na kurudi darasani, na mambo yangeishia kwa mzee yule. Wazo hilo lilimjia, na miguu yake ilikuwa tayari kulikubali. Halafu aliona Mzee Kuncho anatoa funguo mfukoni, anaanza kuzichomoa moja moja kwenye pete.

"Ni mimi," Ralitsa alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Karatasi niliitengeneza mimi. Na pa kuibandika nilimwonyesha mimi. Babu Kuncho hana kosa."

Mwenyekiti alimwambia mzee azirudishe funguo mfukoni, bila kumtazama usoni. Bibi Pena alimtazama Ralitsa kwa muda mrefu, na hakumwita 'mjukuu wangu' kama alivyozoea.

"Mimi kufa sijali, nitakufa tu siku moja," alisema. "Lakini mwanangu ananililia kwenye basi. Picha zangu sitaki zionekane popote." Akaondoka.

Mchana ule Ralitsa alimweleza Mwalimu Ognyan yote, huku kamasi na machozi vikishindana. Hana picha nane tena, hana ukuta, na zaidi ya vyote hana mahali kwenye lile benchi. Mwalimu hakumkemea. Aliwasha kompyuta, akaweka picha mbili sambamba: ya kwanza yenye rangi kama ilivyopigwa, ya pili iliyotolewa rangi.

"Kwa nini ulizitoa?" aliuliza.

"Svilen alisema zinapiga kelele."

"Na Bibi Pena ni mtu mkimya?"

Ralitsa alitingisha kichwa huku akilia, kisha akacheka bila kutaka.

"Svilen anapiga nyumba zilizokufa," mwalimu alisema. "Kuzitoa rangi ni kusema kweli juu yake. Lakini wewe ulimpiga mtu aliye hai kuliko sisi wote, ukamzima. Mji mzima umeiona karatasi yako na kuisoma sawasawa. Hawakukosea wao."

Maneno hayo yalimuuma, na yalikuwa kweli. Ralitsa alichapisha picha zote nane zikiwa na rangi zake, akazitia kwenye bahasha, akaenda kwa Bibi Pena peke yake. Mama yake alitaka kumsindikiza, akakataa.

Aliyemfungulia ni Milka, macho yamevimba. Ralitsa alimwomba radhi yeye kwanza, kabla hata ya kuvuka kizingiti. Alisema alitaka picha yake ifanane na za mtu mwingine, ndiyo maana akamtia yeye kilio kisichostahili. Milka aliichukua bahasha, akatoa picha ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu akaanza kucheka, kisha akalia upya, safari hii bila uchungu.

"Mama, njoo uone," aliita. "Huyu ni wewe mwenyewe."

Bibi Pena alikuja taratibu, akatafuta miwani kwa makusudi ili amcheleweshe mtoto wa watu. Aliitazama picha ya geti, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Huyu kikongwe mwenye bluu puani ni nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Mbona hukuniambia nina bluu puani? Nilikwenda hivyo mpaka posta." Aliendelea kuzitazama zote nane, na alipofika ya pengo alikaa nayo sana. Mwishowe alisema ruhusa anaitoa, kwa masharti mawili. La kwanza, asitolewe hata tone la rangi. La pili, chini ya jina lake iandikwe: mzima wa afya. Halafu akamsogezea Ralitsa sahani ya banitsa, andazi la tabaka lenye jibini, akamwambia ale, mjukuu wangu, umekonda kwa hofu.

Siku ya sikukuu, baada ya maandamano ya shule, nyumba ya utamaduni ilijaa kuliko siku ya harusi. Wengi walikuja kuhakikisha. Bibi Pena alisimama kando ya ukuta wake tangu saa nane hadi saa kumi na moja, amejifunga kitambaa chekundu kipya, akipokea salamu kama balozi. Milka, aliyekuwa ameahirisha basi la kurudi, alimshika mkono.

Ukuta wa Ralitsa ulikuwa na rangi peke yake katika ukumbi ule wa vivuli, na kila aliyeingia macho yake yalikwenda huko kwanza. Svilen alisimama mbele ya picha ya geti muda mrefu. Kisha akamjia Ralitsa na kukiri, masikio yamemwiva, kwamba alikosea, na kwamba yeye asingeweza kuzipiga zile, kwa sababu watu humwogopesha, lakini nyumba hazimjibu. Boyan naye alitoweka kimya kimya akarudi na kuku wake wanane wakiwa wekundu, wa kahawia na wa njano, akaanza kuwabandika upya kabla mwalimu hajamwona. Mwalimu alimwona, akamsaidia kushika gundi.

Mgeni mmoja kutoka mji mkubwa alisimama katikati ya ukumbi akauliza kwa sauti ni nani aliyepiga picha za bibi huyu.

"Ni mimi," Ralitsa alijibu, na safari hii sauti haikuwa ndogo.

Wageni walipopungua, Mwalimu Ognyan aliwakusanya wanafunzi tisa mbele ya ukuta ule. Aliwaambia kwamba tangu mwaka uanze wamekuwa wakimuuliza mtindo ni nini, na kwamba yeye alikuwa anasubiri siku hii.

"Mtindo wako hauupati kwa kumwiga mwenzako, hata akiwa na tuzo," alisema. "Unaupata ukikitazama unachokipenda mpaka ukijue, kisha ukikionyesha kilivyo, bila kukionea haya. Na picha ikishakuwa yako, ni yako siku ya sifa na siku ya aibu. Ralitsa alisema 'ni mimi' pale kila mtu alipokuwa na hasira. Ndiyo maana leo amelisema neno hilohilo na sote tumemwamini."

Ralitsa aliinamisha kichwa, uso unamuwaka, akajisikia mrefu kuliko alivyokuwa asubuhi. Alipokiinua aliwakuta Bibi Stoyka na wanawake wengine watano wa kiwanda cha sufu wamejipanga mbele yake, wamevaa nguo zao za sikukuu, nywele zimechanwa. Walitaka kujua zamu yao ni lini. Ralitsa alitoa kalamu, akaanza kuandika majina.