Kijumbe wa Tokeni Ni Nani?

Mwaka 2018, Watanzania wa Fordsburg, Johannesburg, walimjua Mwatumu kwa mambo mawili: cherehani na mchezo. Wanawake kumi walicheza mchezo naye, yeye akiwa kijumbe. Kila mwezi walimletea fedha, na kila mwezi mmoja wao alipokea zote. Hakuna aliyewahi kudhulumiwa. Ukichelewa kuleta, Mwatumu alikuja kwako, akakaa, akanywa chai yako, wala hakuondoka mpaka utoe. Wenzake walimwita polisi wa kanga, naye akacheka.

Kibanda chake kilikuwa ndani ya jengo la maduka. Alishona madera na sare za shule. Alichokosa ni ovaloki, ile mashine inayofunga kingo za kitambaa nyuzi zisichomoke. Kila nguo aliipeleka Jeppestown kwa fundi mwenye ovaloki, akapanga foleni, akarudi jioni amechoka. Lakini mwezi mmoja, mwishoni mwa mwaka, zamu ya kupokea ilikuwa yake. Mashine alishaichagua. Kila Ijumaa alipita dukani kuitazama, mpaka mwenye duka akamzoea.

Basi jioni moja mumewe, Burhani, aliingia nyumbani hakai hasimami. Alikuwa ametoka kwenye mkutano wa watu wanaouza sarafu ya kwenye simu. Iliitwa Mchezo Tokeni. Alikwishanunua kidogo kimyakimya, na sasa simu ilionyesha fedha yake imekuwa mara mbili. Jumamosi bei ingepanda tena. Alitaka waweke fedha zote za zamu ya Mwatumu kabla ya siku hiyo.

"Mama Yasini, ni mchezo huu huu wenu," alisema. "Umeingia kwenye simu tu."

Mwatumu aliitazama ile simu. Nani asingefurahi? Alianza kuziona ovaloki tatu zimepangwa, na wasichana watatu wa kuziendesha. Walicheka, wakakumbatiana, chai ikapoa mezani. Hata Gaston, mlinzi Mkongomani wa lile jengo la maduka, alikwishamwahidi Burhani kuleta fedha zake za likelemba, kama Wakongomani wanavyouita mchezo.

Kesho yake alikuja Duni kujaribu gauni. Duni ni mtu wa Tanga kama wao, anafundisha kompyuta chuoni Braamfontein. Mwatumu hakuweza kujizuia. Pini mdomoni, alimweleza habari yote ya utajiri unaokuja. Burhani naye akaleta simu.

Duni hakuwacheka. Aliwaeleza kwamba tokeni ni hesabu iliyoandikwa kwenye kompyuta. Haizai kama mbuzi, wala haiingizi kodi kama nyumba ya kupangisha. Thamani yake ni kwamba kuna mtu mwingine anayeitaka na atakupa fedha kwa ajili yake. Zipo zinazouzwa sokoni wazi, watu wasiojuana wakipandisha na kushusha bei. Mwenyewe alinunua kidogo ya namna hiyo mwaka uliopita. Ilipanda sana, kisha ikaanguka chini ya nusu. Hakulia, kwa sababu aliweka fedha ambayo hata ikipotea yote, nyumbani watakula.

Kisha akamgeukia Mwatumu. "Dada, akija mtu na mchezo mpya, unamuuliza nini?"

"Namuuliza kijumbe ni nani na anakaa wapi. Halafu nani ameshapokea."

"Basi muulize shemeji hivyo hivyo."

Mwatumu akatoa pini mdomoni. Kijumbe ni nani? Burhani hakumjua. Kulikuwa na tovuti yenye picha za majengo marefu, bila jina la mtu. Bei nani anaipandisha? Tovuti ile ile. Nani ameshapokea? Hapo Burhani akapata nguvu. Alisema watu wengi sana wameona faida, hata yeye ameiona.

"Umeiona," Mwatumu alisema polepole. "Nimekuuliza aliyepokea, Baba Yasini."

Duni akamwambia Burhani auze tokeni kidogo tu, fedha iingie benki. Wote watatu wakainamia simu. Burhani alibonyeza pa kuuza. Yakatokea maneno: huwezi kuuza mpaka ulete watu watano wapya.

"Eish," alisema Burhani, akakaa juu ya vitambaa.

Duni alieleza kuwa soko la kununua tu bila kuuza si soko. Fedha ya anayeingia ndiyo inayomnenepesha aliyeanzisha. Aliwafundisha pia kupiga simu kwenye ofisi ya serikali inayosimamia fedha, kuuliza kama muuzaji ana kibali. Burhani alipiga asubuhi. Jina la Mchezo Tokeni halikuwamo kwenye orodha yao ya wenye vibali. Ilimuuma, maana alichoweka kilikuwa kimekwenda. Hata hivyo simu ya pili alimpigia Gaston.

"Kaka, usilete hata senti," alisema. "Mimi nilikosea."

Jumamosi ile ambayo bei ilipangwa kupanda, wao walikuwa barabarani wanasukuma ovaloki kwa mkokoteni, Gaston mbele akizuia magari kwenye robot, zile taa za barabarani. Mwatumu aliwasha mashine kabla hata ya kuvua mtandio. Ilinguruma. Alipitisha kipande cha kitambaa, kingo zikatoka zimefungwa safi, naye akapiga kigelegele jengo zima likasikia. Januari ilipofika alishona sare nyingi kuliko wakati wowote, na mafundi wa jirani wakaja kwake kufunga kingo kwa malipo.

Burhani bado huifungua ile tokeni kwenye simu. Bei inapanda tu. Kwenye kioo sasa yeye ni tajiri mkubwa. Siku moja alimwonyesha mkewe.

"Tajiri wangu," alisema Mwatumu bila kuinua macho, "kaninunulie uzi mweusi."

Burhani akachukua fedha kwenye kopo la mapato ya ovaloki, akaenda kununua uzi.