Nyasi za Njaa Kwenye Njia ya Cloonagh

Alhamisi ile tulitoka nyumbani saa kumi na moja jioni, mimi na mdogo wangu Fiachra, kujaribu kilomita kumi na moja tu.

Safari yenyewe ilikuwa ya Jumamosi na Jumapili. Siku mbili juu ya baiskeli, kwenye njia ya Cloonagh, reli ya zamani iliyong'olewa vyuma likabaki tuta, madaraja na handaki moja refu. Wiki tatu nilikuwa naipanga. Ramani niliibandika ukutani, vyumba nilishavikodi kwenye stesheni moja ya zamani iliyogeuzwa nyumba ya wageni, na vyakula niliviorodhesha mpaka idadi ya zabibu kavu.

Lakini Fiachra ana miaka kumi na tisa, na kisukari tangu ana saba. Hajawahi kulala nje ya nyumba. Mama hajawahi kumruhusu.

"Jaribuni kipande kimoja kwanza," mama alisema mlangoni. "Akirudi kwa miguu yake, Jumamosi mtakwenda. Akirudi amebebwa, Sorcha, usiniombe tena maisha yako yote."

"Mama, mimi si mtungi," Fiachra akasema. "Sivunjiki."

Mama hakucheka.

Tukapanda. Ukungu ulikuwa umelala mashambani, mwembamba, mweupe. Kondoo walitutazama tukipita. Fiachra alikuwa mbele, akiimba vibaya kwa makusudi.

"Dada, umepanga kama jeshi linakwenda vitani. Na saa ya kukojoa umeniandikia?"

"Kilomita ya sita. Usichelewe."

Kilomita ya sita tukasimama kweli. Tukakaa ukingoni mwa tuta, tukala mkate wa magadi wa mama na jibini. Nyasi za pale zilikuwa ndefu, za kijani kibichi mno, duara moja tu, na kando yake kote kondoo walikuwa wamekula mpaka mizizi. Hizo hawakuzigusa. Niliona. Sikuwaza.

Fiachra akamega kipande cha mkate, akakiangusha kwenye zile nyasi.

"Unafanya nini?"

"Fungu la wenyewe, wasioonekana. Umesahau? Bibi alikuwa hali nje bila kuwaachia."

"Bibi hakuwekewa kibao." Nikamwonyesha kibao cha njia, maandishi meupe: ULICHOKUJA NACHO, ONDOKA NACHO.

Nikainama. Nikakiokota kile kipande, nikakitia kwenye mfuko wa taka pamoja na mabaki ya tufaha. Hata chembe nilizikusanya kwa kiganja, moja moja, kwa fahari ya mtu msafi.

"Sasa umewanyang'anya," Fiachra akasema. Alikuwa anatabasamu. Nusu.

Tukakanyaga zile nyasi kurudi kwenye baiskeli.

Kwetu kila mtu anajua tuta lile lilijengwa na nani. Enzi za mababu viazi vilioza mashambani, njaa kuu ikaingia, na watu wakabeba mawe kwa ujira wa bakuli la unga. Wengine unga uliwakuta wameshalala. Walizikwa palepale walipoanguka, na reli ikapita juu yao.

Hatukufika mbali. Hata mita mia.

Fiachra akasimama. Baiskeli ikaanguka, yeye akabaki wima, mikono tumboni.

"Dada… nina njaa."

"Tumekula sasa hivi."

"Nina njaa."

Akapiga magoti. Nilishajizoeza jambo hili mara mia. Kipimo, sindano, tone la damu kidoleni.

Tano nukta nane.

Sukari ya mtu mzima wa afya. Nikapima tena. Tano nukta nane. Nikampa vidonge vya glukosi hata hivyo, akavitafuna vyote. Nikampa zabibu, akazimeza bila kutafuna. Akauma mkono wa koti lake. Kisha akainamisha kichwa, akaanza kung'oa nyasi na kuzitia kinywani.

"Fiachra! Acha! Fiachra!"

Midomo yake ikawa ya kijani.

Ndipo ikaniingia na mimi. Haikuwa njaa ya kuchelewa chakula. Ilikuwa kama shimo lililochimbwa ndani yangu kwa koleo, haraka, na mtu mwenye hasira. Na hewa ikanuka… viazi vilivyooza, utamu ule mzito wa gunia lililosahauliwa ghalani.

Nyasi zikachezacheza. Upepo haukuwepo.

Nikasikia kutafuna. Taratibu. Hakukuwa na kondoo.

Mwanamke alikuwa amechuchumaa ng'ambo ya njia. Sikumwona akija. Shali imefunika kichwa, magoti makali kama ncha za jembe, na mdomo… mdomo wake ulikuwa wa kijani, kama wa ndugu yangu.

"Kilikuwa chetu," akanong'ona.

Nikaupasua mfuko wa taka. Mkate, mabaki ya tufaha, kingo za jibini, vyote nikavimwaga kwenye nyasi kwa mikono miwili. Nyasi zikafunga juu yake kama maji. Zilipofunguka, palikuwa patupu.

"Hakitoshi."

"Mwache ndugu yangu. Tafadhali, mama. Nakuomba."

"Wengi bado hawajala." Sauti haikupanda wala kushuka. "Nani atatulisha?"

Macho ya Fiachra yalikuwa yamegeuka meupe. Akilini nilimwona mama mlangoni, anangoja kuona kama mwanawe anatembea au anabebwa.

"Mimi," nikasema.

Mwanamke akaitikia kwa kichwa.

Fiachra akakohoa. Akatema nyasi, akajifuta mdomo, akanitazama kwa mshangao.

"Mbona nimekaa chini?"

Ng'ambo ya njia palikuwa na ukungu tu.

Alirudi kwa miguu yake. Mama alimgusa uso, mabega, mikono, kama anahesabu viungo.

Ijumaa muuguzi wa Fiachra alitusikiliza, akaandika, akatabasamu. Baridi, alisema. Uchovu. Vipimo hudanganya kwenye baridi.

"Na mimi? Mimi sina kisukari, na njaa ile niliisikia."

"Hofu, binti yangu. Hofu huambukiza."

Labda.

Jumamosi nilisema nina mafua. Rafiki yangu Dervla akachukua nafasi yangu, nikamwekea mikate miwili ya ziada, nikamwapisha kuacha kipande kila watakapokaa. Hakuniuliza kwa nini. Aliutazama uso wangu, akaapa.

Jumapili jioni simu ikalia. Nilikuwa mezani. Mama alikuwa ananipakulia sahani ya tatu, viazi na nyama ya kondoo, anafurahi kwamba nimepata hamu ya kula. Hakuwa ameona mkanda wangu. Tangu Ijumaa nimeutoboa matundu mawili mapya ya kuukaza, na leo suruali imeteleza tena.

"Dada! Kilomita sitini na nne! Na sukari imetulia kama askari wa zamu! Unanisikia?"

Nyuma yake watu walikuwa wanacheka. Hajawahi kuwa na sauti ile, ndugu yangu. Sauti ya mtu aliyetoka kifungoni.

"Hebu acha kutafuna kwanza, nikuhadithie handaki!"

Niliacha kutafuna ili nimsikie vizuri.

Kutafuna kukaendelea, ndani yangu.