Kanda Saba za Nicanor

Beth mwenye duka hapa Ruiru ndiye aliniambia, na hayo maneno yakakataa kunitoka.

"Mama Ngendo, huyo Kaleli wenu anaabudu shetani. Kanda zake zina mafuvu!"

Mwaka huo wa 1999 kila mtu alikuwa anaogopa hayo mambo. Na kanda zenyewe zilikuwa kwangu! Chumba cha Kaleli huko Thika kilikuwa kinavuja, akampa mchumba wake, binti yangu Ngendo, amwekee. Nikaweka moja kwa redio.

"Ngendo, hii kelele ni ya nani?"

"Ni bendi ya Wafilipino, Mum. Unakumbuka Nicanor, yule fundi wa mashine kiwandani Thika? Ndiye alikuwa anawapigia ngoma. Kanda zao huko Manila ziliharibiwa na mafuriko, zimebaki hizi saba tu alizomwachia Kaleli. Kaleli anaziweka kwa intaneti pale cyber, wimbo mmoja mmoja, zisipotee."

"Na mafuvu?"

"Aki Mum, ni picha tu!"

Nikajifanya nimeelewa. Alipoenda kazi, nikabandika karatasi kwa vile vitundu vya juu vya kuzuia kurekodi, nikarekodi mahubiri ya redio. Zote saba. Nikasema moyoni nimezitakasa, nikazirudisha kwa mfuko.

Jumatano Kaleli alizichukua. Alhamisi akarudi na redio mkononi. Akabonyeza. Sauti ya mhubiri ikajaa sebuleni.

"Ngendo, kama uliogopa maneno ya watu, si ungeniambia?"

"Haki si mimi! Mum, mwambie!"

Jumamosi hiyo wazazi wa Kaleli walikuwa waje kutoka Machakos, tujuane. Nikaangalia chai yangu.

"Mimi sijui mambo ya kanda."

"Nilikupa wewe peke yako, Ngendo," Kaleli akasema. "Sasa nitamwandikia Nicanor nini?"

Jumamosi nilipika chapati. Hakuna mtu alikuja.

Baada ya mwezi nikashindwa kuvumilia.

"Ngendo, ni mimi."

"Nilijua siku ile ile, Mum. Nilikuwa nangoja umwambie yeye."

Akahamia Githurai 45. Hanitembelei. Nilienda Thika kumtafuta Kaleli, nikaambiwa alihama. Msichana wa cyber akanifungulia ule ukurasa wake. Wimbo mmoja, dakika nne. Chini yake akanisomea:

"Zingine zimepotea. Aliyezipoteza nilimpenda."

Wazazi wenzangu, epukeni haya:

Kuamini maneno ya dukani.
Kugusa kitu cha mtu kabla hujamuuliza mwenyewe.
Kurekodi juu ya kanda usiyoijua.
Kungoja mwezi mzima ndio useme ukweli.
Kuangalia kikombe mtoto wako akikuita.