Wiki ya Wali na Kuku

Kila asubuhi, nyumbani kwao Pasiansi, Mwanza, Modesta aliamka, akafagia uwanja, akateka ndoo mbili za maji bombani, akanywa chai kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kisha akavaa sare na kukimbilia shule kabla kengele haijamuumbua. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la tano, na mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko miguu yake.

Zamani Mama ndiye aliyemchana nywele asubuhi hizo. Lakini mwaka mzima uliopita Mama alikuwa Dar es Salaam, Chuo Kikuu, akisomea shahada ya uzamili ya uchumi. Aliporudi mwezi wa tatu, Modesta alirukaruka barabarani kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Mama amerudi! Kumbe Mama amerudi na tasnifu.

"Tasnifu ni kitu gani, Baba?" aliuliza.

Baba alikuwa fundi mitambo kiwandani Nyakato. Alijikuna kichwa. "Ni kitabu anachoandika mwanafunzi mkubwa kabla hajapewa shahada yake. Anachunguza jambo moja mpaka alielewe, na mwalimu wake, msimamizi, anamkagua."

"Mama anachunguza nini?"

"Tangu viwanda vya samaki vifunguliwe, watu wa ufukweni wanakula nini."

Ilikuwa miaka ya tisini, miaka ya soko huria. Sangara wanono waliingia viwandani, minofu yao ikapanda ndege kwenda Ulaya, na vichwa pamoja na mifupa, yaani mapanki, vikarudi mtaani kukaangwa na kuuzwa. Mama alichagua kaya arobaini. Kila wiki, kwa wiki sita, alitakiwa kuzipitia zote akiwa na madodoso, karatasi zenye maswali: Jana mlikula nini? Juzi je?

Jioni alirudi na vumbi mpaka magotini, akakaa mezani kunakili majibu. Modesta akileta daftari lake la hesabu, Mama alisema bila kuinua macho, "Baadaye, mwanangu." Hiyo baadaye sijui ilikuwa inakaa wapi, maana haikuwahi kufika.

Aliyemchoma zaidi ni Akelo. Walikaa dawati moja. Familia ya Akelo ilitoka Mara, na nyumba yao ilikuwa ya saba kwenye orodha ya Mama.

"Mama yako jana kala kwetu," Akelo alisema siku moja wakati wa mapumziko. "Ugali wa muhogo. Alimega tonge hili hapa!"

"Mama yangu hali ugali wa muhogo."

"Wa kwenu labda. Wa kwetu aliongeza. Halafu mimi ananiita binti yangu."

"Muongo wewe!"

"Kamuulize. Anajua hata kwamba sipendi bamia. Wewe anajua hupendi nini?"

Wivu ulimpanda Modesta kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.

Msimu ule wa mvua kulikuwa na hofu ya kipindupindu, na bwana afya alikuwa akizunguka mitaani kumwaga vyakula vya vibandani. Mama yake Akelo alikuwa na kibanda cha kukaanga mapanki. Modesta alijua yote hayo. Akamsogelea Akelo sikioni.

"Nikwambie siri? Yale majina anayoandika Mama yanakwenda kwa bwana afya. Nyumba ikisema inakula mapanki, sufuria zinamwagwa na kibanda kinavunjwa."

Akelo akatoa macho. "Apa!"

"Haki ya Mungu," alisema Modesta.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Watu wangeogopa, wangemfukuza Mama, na Mama akishafukuzwa mara mbili tatu angekaa nyumbani na mtoto wake. Uvumi ulikimbia ufukwe mzima kabla ya magharibi. Ila Modesta alikuwa amesahau jambo moja: watu wa pale hawafukuzi mgeni. Walimkaribisha Mama kama siku zote, wakampa kigoda, wakampa maji ya kunywa, kisha wakamdanganya kwa adabu zote.

"Jana mlikula nini?"

"Wali kwa kuku, mama."

"Na juzi?"

"Kuku kwa wali."

Mzee mmoja asiye na jino hata moja alisema yeye alikula nyama choma. Mama alisikia harufu ya mapanki ikitoka nyuma ya nyumba, akauliza, akaambiwa hiyo ni ya jirani. Kwa jirani akaambiwa vivyo hivyo. Mama akaandika alichoambiwa. Wiki ile, kwenye karatasi, ufukwe wa Pasiansi ulikula kama harusini.

Jumamosi msimamizi akafika kutoka Dar es Salaam. Aliitwa Dokta Venant, mtu mfupi mwenye miwani minene. Alikaa sebuleni akapekua madodoso moja baada ya jingine. Modesta alileta chai, akapiga goti kumwamkia, kisha akajibanza nyuma ya pazia.

"Dorotea," Dokta alimwambia Mama, "wiki ya kwanza kaya thelathini na moja zilikula mapanki. Wiki ya pili thelathini na tatu. Wiki ya tatu je?"

"Hakuna, Dokta. Hata mimi inanishangaza."

"Hakuna hata moja! Kuna kuku aliyebaki hai Mwanza hii?" Hakucheka. "Ama watu wamekudanganya, ama ulikaa mezani hapa ukajijazia mwenyewe. Wanafunzi wa namna hiyo nimeshawaona."

"Nimezitembelea nyumba zote kwa miguu yangu!"

"Mimi nasaini karatasi, dada, sisaini miguu. Bila maelezo siwezi kuipitisha kazi hii. Na ruhusa ya masomo uliyopewa kazini kwako inakwisha mwezi wa sita. Labda ingekuwa busara uache tu, urudi kazini, ukae na familia yako."

Ukae na familia yako! Nyuma ya pazia, moyo wa Modesta uliruka. Ndicho alichokitaka. Hakuhitaji kufanya kitu kingine chochote, isipokuwa kunyamaza.

Mama hakulia. Alikusanya madodoso, akayagonga mezani yakae sawa. Hayakukaa sawa. Akayagonga tena. Ndipo Modesta alipoona kuwa aliyeumia hapa ni Mama.

Alitoka nyuma ya pazia. "Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?" Mama aliuliza.

Akasema yote: bwana afya, kibanda, Haki ya Mungu. Dokta Venant alivua miwani.

"Kwa nini, mtoto?"

"Kwa sababu Mama anajua Akelo hapendi bamia."

Kisha Mama akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Vaa viatu."

Wote watatu walikwenda kwa kina Akelo. Mama yake Akelo alipowaona alifunika karai la mafuta haraka kwa sinia.

"Shikamoo, mama," alisema Modesta.

"Marahaba. Karibuni, karibuni. Leo tunapika wali."

"Mama, hakuna bwana afya. Majina hayaendi kwake. Nilidanganya mimi."

Mama yake Akelo alishika kiuno. "Ati? Wiki nzima nakaanga samaki nyuma ya choo, moshi unanitoa machozi kama nimefiwa, kumbe ni wewe?"

"Uliapa!" Akelo alifoka. "Uliapa kwa Mungu!"

"Naomba msamaha."

"Kwangu umeomba," alisema mama yake Akelo. "Zimebaki nyumba thelathini na tisa. Mdomo uliopeleka uongo ndio utakaoufuata."

Ilimchukua siku mbili. Kuna nyumba walimcheka, kuna nyumba walimgombeza mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze. Yule mzee wa nyama choma alisikitika kidogo, kwani alisema alikuwa ameanza kushiba. Shuleni Akelo alichora mstari wa chaki katikati ya dawati, na kwa wiki nzima kiwiko cha Modesta hakikuruhusiwa kuuvuka.

Dokta Venant alikula mapanki mawili pale kibandani, akaomba na pilipili. Alimpa Mama wiki moja zaidi ya kurudia maswali, na sharti moja: tasnifu ieleze wazi kilichotokea. Mwezi wa sita alisaini.

Mama alipoipata tasnifu yake, ikiwa na jalada jeusi na maandishi ya dhahabu, alimwita Modesta mezani. Ilikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo Mama akamtafsiria sentensi moja: "Majibu ya kwanza ya wiki ya tatu hayakutumika, kwa sababu yalivurugwa na uvumi ulioanzia nyumbani kwa mtafiti."

Modesta aliona masikio yakipata moto. "Lazima iandikwe, Mama?"

"Lazima. Kitabu kikificha kosa lake, nani ataamini kilichobaki?" Mama akaifunga tasnifu, akaisukuma pembeni, akamvuta bintiye karibu. "Mimi pia nilikosa. Nilikuona unasubiri, nikakuacha uendelee kusubiri. Lakini nisikilize. Wivu humpata kila mtu, hata mimi. Ukikupata, njoo uniambie, hata kama nina karatasi mia mbele yangu. Ukiuficha utautafutia kazi, na kazi pekee ambayo wivu unaijua ni kubomoa. Ulinitaka mimi mmoja, ukaenda kutisha nyumba arobaini ambazo hazijakukosea."

Modesta aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Basi leo usiende kwa kina Akelo."

"Siendi. Nimemwalika Akelo, anakuja kula hapa."

Modesta alivuta pumzi ndefu. Alitazama mlango, akamtazama Mama.

"Mama, umeshanipata. Wivu. Kidogo tu, lakini umenipata."

Mama alicheka, akamshika mkono. "Vizuri umesema. Sasa twende jikoni, unisaidie kupika."